Filta ya hewa yenye nyuzi nyembamba: kuichagua, kuifunga na kujua lini uitoe

Wakuu habari, hii nawaandikia wenye malori, madampa, magreda, jenereta na hata wenye mashine za kusaga, manake kila siku gereji naona injini nzima kabisa inakufa kwa vumbi na filta mpya iko pale pale ndani ya nyumba yake (lile kopo linaloishika). Injini inaanza kula oili, moshi wa bluu, fundi anashusha anakuta ringi za pistoni zimeliwa na slivu (ukuta wa silinda) zina mistari, mwenye gari anasema filta napuliza kila wikendi. Hapo ndo penyewe, anapuliza kila wikendi.

Tuanze na filta yenyewe ilivyotengenezwa, ukielewa hapo mengine yote yanajipanga. Filta ya kawaida ni karatasi ya nyuzi za mti, na nyuzi hizo kwa macho ya vumbi ni magogo, unene wake mikroni 10 mpaka 20 na zaidi (mikroni 1 ni milimita 1 ukiigawa mara 1,000, unywele wa mtu ni kama mikroni 70 hivi). Kati ya gogo na gogo kuna uwazi, sasa vumbi jembamba linaingia ndani ya karatasi, linakwama katikati, na mengine yanatoboa hadi upande wa pili. Ndo maana filta ya karatasi ikiwa mpya kabisa inavujisha kuliko ikishatumika kidogo, vumbi lililokwama linasaidia kuzuia linalofuata. Watu wengi hawalijui hili, wanadhani mpya ndo inachuja vizuri kupita zote.

Filta ya nyuzi nyembamba inachukua karatasi hiyo hiyo (au kitambaa cha plastiki) halafu upande wa kuingilia hewa inawekewa utando wa nyuzi zenye unene wa kama mikroni 0.2 au 0.3, mara nyingi za jamii ya nailoni. Zinatengenezwa kwa kuyeyusha plastiki kwenye dawa ya maji maji afu unapitisha umeme wa volti nyingi, ule ute unavutika unakuwa uzi mwembamba sana unaotua juu ya karatasi. Sio kitu cha jana, hataza ya Anton Formhals ya kuvuta nyuzi kwa umeme ni ya 1934, ila kwenye filta za viwandani na za injini imeshika zaidi kuanzia miaka ya 1980. Utando huo ni kama wavu wa dagaa uliotandikwa juu ya wavu wa sangara, vumbi linanaswa juu juu halipati nafasi ya kuzama ndani. Na kwa sababu uzi ni mwembamba sana hewa inateleza pembeni yake kirahisi, kwa hiyo unachuja zaidi bila kuikaba injini sana.

Faida yake kwenye namba: chukua vumbi kilo 1 limefika kwenye filta. Filta ya asilimia 99 inapitisha gramu 10 kwenda kwenye injini, ya asilimia 99.9 inapitisha gramu 1. Ukisikia 99 na 99.9 unaona ni kitu kimoja, kumbe ni mara 10. Na injini ya lita 12 ikizunguka 1,500 kwa dakika inameza lita 9,000 za hewa kila dakika kabla hata hujahesabu tabo (ile feni inayoisukumia injini hewa), tabo ikisukuma mara mbili unafika kama mita za ujazo 1,000 kwa saa. Sasa fikiria hiyo hewa ni ya barabara ya vumbi unamfuata mwenzako mita 30 nyuma. Mchanga wetu umejaa kwazi, yale madini yanayong'aa kama kioo, ni mgumu kuliko chuma nyingi za injini, na chembe inayoumiza zaidi ni zile za mikroni 5 mpaka 20, zinakaa sawa na unene wa oili kati ya ringi na slivu zinasaga pande zote mbili.

Haya, dukani. Ukienda kwenye maduka ya spea, Gerezani pale Dar au Kirinyaga Road Nairobi, usiulize tu "filta ya Scania", nenda na namba iliyo kwenye filta ya zamani na namba ya nyumba yake. Muulize muuzaji kama ni ya nyuzi nyembamba na kama ina karatasi ya kipimo cha ISO 5011, hicho ndo kipimo cha filta za hewa za injini, asipojua sio kosa lake lakini mwenye kampuni ya kweli huwa anayo kwenye katalogi. Usichanganye na HEPA, hiyo ni daraja la filta kali za hospitali na vyumba safi, mtu akikuuzia filta ya lori kwa jina la HEPA muache. Utando wenyewe kwa macho huuoni, unaweza ukaona mng'ao kidogo ukiigeuza kwenye mwanga basi, na tafadhali usiusugue kwa kidole kuhakikisha, manake unaubandua pale pale na filta umeshaiharibu kabla hujalipa.

Unachoweza kukagua kwa mkono ni hiki. Mikunjo iwe imepangana sawa, isiwe imebanana upande mmoja na kuachana upande mwingine. Hesabu mikunjo ya ile uliyokuja nayo na ya mpya, feki nyingi zinapunguza mikunjo na nje huoni tofauti. Bonyeza raba ya kwenye mdomo kwa dole gumba, irudi yenyewe taratibu, ikibaki na shimo au ikiwa ngumu kama plastiki ya ndoo iache. Angalia gundi ya mwisho kote kuzunguka, nafasi ndogo tu ya uzi wa kushonea inatosha kupitisha vumbi la kuua injini. Kwa maoni yangu raba na gundi ndo kitu cha kwanza kuliko hata aina ya nyuzi, utando wa kisasa kabisa hauna kazi kama hewa inapita pembeni.

Kufunga. Zima injini, iache itulie, futa nje ya nyumba ya filta kwanza kwa kitambaa kibichi kabla hujafungua klipu. Toa filta kubwa ya nje taratibu ukiizungusha kidogo, usiigonge kwenye tairi, yaani hiyo tabia ya kugonga filta kwenye tairi inapinda mdomo na haikai tena sawa. Ile ndogo ya ndani, ya usalama, usiitoe kama haijafika zamu yake, kazi yake ni kulinda injini wakati wewe umefungua kubwa. Zamu yake wengi wanaiweka kila filta kubwa ikibadilishwa mara ya tatu, na hiyo ndogo haisafishwi kabisa, inatupwa.

Kabla ya kuweka mpya chukua kitambaa cheupe kibichi, futa sehemu raba inapokaa na ndani ya bomba la kwenda kwenye tabo. Sasa kitazame. Kikitoka na vumbi kutoka upande safi una tatizo, na vumbi lenyewe linakuonyesha njia, utakuta mstari mwembamba wa kahawia kama mchirizi umeanzia mahali raba haikukaa, ufuate kwa kidole mpaka mwanzo wake ndo utajua ni klampu, ni hozi iliyopasuka chini ambako huoni, au ni nyumba yenyewe imepinda. Ukiwa hapo gusa na raba ya kutema vumbi iliyoko chini ya nyumba, ile yenye midomo miwili. Inatakiwa iwe laini na midomo igusane. Ikichanika au ikipotea, nyumba ya filta haitemi tena vumbi zito na yote yanaenda kwenye filta, na hii raba ni ya bei ndogo sana kulinganisha na kazi yake.

Sasa ile ishu ya kupuliza. Filta ya nyuzi nyembamba ikipulizwa na kompresa ya gereji, ile ya kupulizia tairi, utando unachanika au unabanduka na wewe huoni chochote, filta inaonekana safi imependeza. Ukimulika tochi ndani usiku utaona matundu ya karatasi kama yapo, hilo jaribio ni zuri lifanye, ila halikuonyeshi utando ulioondoka. Ndo maana mtu anasema nimekagua na tochi iko poa na bado slivu zinaliwa. Kama kitabu cha gari lako kinaruhusu kupuliza, fuata presha waliyoandika, puliza kutoka ndani kwenda nje, mbali kidogo na karatasi, usiweke pua ya kompresa kwenye mkunjo. Kama hakisemi kitu, usipulize. Kuosha na maji ya sabuni usijaribu kwenye karatasi, inavimba na ikikauka mikunjo imeshalegea.

Basi ujuaje muda wa kuitoa? Sio kwa rangi, filta ikiwa nyeusi inaweza ikawa na nusu ya maisha yake bado. Ni kwa kipimo cha jinsi inavyokaba hewa. Gari nyingi kubwa zina indiketa ndogo yenye kioo kwenye bomba baada ya filta, ikifika nyekundu inabaki hapo hapo hata ukizima, kwa hiyo dereva ana cha kukuonyesha jioni. Injini za dizeli zenye tabo wengi wanaweka mwisho kwenye inchi 25 za maji (yaani mvuto wa kupandisha maji kwenye mpira kwa urefu huo), kama kilopaskali 6.2, ila angalia kitabu chako. Kama haipo inunue, nyingine zinaingia kwa skrubu tu kwenye tundu lililozibwa.

Kwa jenereta unaweza kujitengenezea kipimo mwenyewe. Chukua mpira mwembamba unaoonekana ndani, ufunge kwenye ubao umbo la U, kila mguu uwe zaidi ya mita 1, weka maji yenye rangi kidogo mpaka nusu. Upande mmoja uunge kwenye lile tundu la baada ya filta, mwingine uache wazi. Washa, ipe jenereta mzigo wake wote, pima tofauti ya maji ya mguu huu na huu, inchi 25 ni kama sentimita 63. Pima siku filta ikiwa mpya uandike kwenye nyumba ya filta na maka, namba hiyo ndo mwanzo wako. Maji yakipanda yanakaribia juu ya mguu wa injini chomoa haraka, hutaki injini inywe maji. Kwa lori lenye tabo hii haikusaidii sana ukiwa umepaki maana bila mzigo tabo haivuti hewa yote, hapo tegemea indiketa inayobaki ilipofika.

Kuna mahali filta hizi zinaziba haraka, niseme ukweli. Masizi na mvuke wa oili. Jenereta iliyofungiwa kwenye chumba kimoja na moshi wake, au injini ambayo bomba lake la kupumulia linatema karibu na filta, nyuzi nyembamba zinapakwa mafuta na hazirudi tena. Geuza bomba la moshi kwanza ndo ununue filta ya bei.

Kwa wenye viwanda, mashine za kukusanya vumbi la simenti, unga au kulehemu zinatumia nyuzi hizi hizi, ila pale zinajisafisha kwa mdundo wa hewa kutoka ndani. Kwa sababu vumbi limekaa juu tu, mdundo mdogo unalidondosha. Kosa kubwa ni kuiseti idunde kila baada ya sekunde chache mchana kutwa, unachosha filta na unaondoa hata vumbi la juu linalosaidia kuchuja. Iseti ifuate geji, ianze kudunda mkabo ukipanda na ikome ukishuka. Toa maji kwenye tenki la kompresa kila asubuhi, hasa huku pwani Tanga, Dar na Mombasa, hewa ya unyevu ikikutana na vumbi la simenti inagandisha filta zote. Na kwenye unga ulizia filta zenye kupitisha umeme tuli kwenda ardhini, vumbi la unga likielea hewani linalipuka kwa cheche.

Mwisho, mkimwaga oili ya injini peleka chupa moja maabara kama una uwezo, uliza kiwango cha silikoni, hiyo ndo alama ya vumbi la mchanga lililoingia kwenye injini. Kikipanda ghafla kuliko mara iliyopita na filta ni mpya, usikimbilie kununua nyingine, anza na klampu za hozi ya kati ya filta na tabo, na kama gari ina kompresa ya breki inayovuta hewa kutoka bomba hilo hilo angalia na ule mpira wake mdogo, huwa unapasuka kwenye kona na hakuna anayeuangalia.