Kopo la mkaa lina kilo ngapi?

Vijana wanaotaka kuingia kwenye utafiti wa sera za nishati na mazingira huniuliza kwanza habari za programu za kuchambua takwimu: Stata au R? R, maana ni ya bure. Hilo limekwisha, twende sokoni.

Mwanza mkaa tunanunua kwa kopo, sado, debe au gunia. Mama wa Mabatini akikwambia anamaliza makopo mawili kwa siku, amesema kweli, lakini kopo la Igoma si lazima liwe sawa na la Kirumba. Basi kabla hujachapa dodoso, tafuta mizani ya ndoano, ya aina wanayopimia samaki. Pita kwa wauzaji wa mtaa unaoutafiti, nunua kopo kwa kila mmoja, pima, andika. Pepeta chenga na vumbi, pima tena. Masika rudia zoezi zima: mkaa ulionyeshewa unaongeza uzito, na maji hayaivishi maharage. Usiandike wastani peke yake. Onyesha na jinsi makopo yanavyopishana, kwa sababu wahakiki wa makala watakudai.

Kisha ingia majumbani. Iachie kila nyumba mkaa uliokwisha kuupima, rudi kila siku saa ile ile upime uliobaki, siku tatu mfululizo kwa uchache. Siku za msiba au kipaimara ziweke kando. Na hesabu waliokula, si wanaoishi hapo. Mgeni kutoka Ukerewe hakosi.

Kwenye maswali, ukiuliza "mnapikia nini?" utajibiwa gesi, kwa kuwa mtungi upo na unaonekana. Uliza: "Jana maharage yaliivia jiko lipi?" Hapo ndipo utasikia kwamba mtungi wa kilo 6 ni wa chai na kupasha kiporo. Mkakati wa taifa wa 2024–2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nyumba hiyo utaihesabu upande gani? Mimi naona tasnifu nzima imelala kwenye swali hilo.

Kugeuza vipimo ni rahisi: kilo ya mkaa ina nishati ya megajuli 30 hivi, ya gesi 45 hivi, uniti ya umeme 3.6. Zidisha kwa ufanisi wa jiko ndipo ulinganishe bei, maana anayelipa anataka joto lililofika sufuriani.

Vibali: barua ya chuo, mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa. Huyo wa mwisho usimruke hata ukiwa na mihuri yote ya juu.

Data za kitaifa za kaya, zile za ufuatiliaji (kaya zile zile huhojiwa tena baada ya miaka) zilizoanza 2008/09, unazipakua bila malipo. Zitumie kulinganisha na ulichopima. Na jedwali lako la makopo na kilo, mtaa kwa mtaa, litoe mapema hata kabla ya tasnifu. Ukisubiri hadi utunukiwe shahada, bei na makopo vyote vitakuwa vimebadilika.