Somo: Jinsi ya kusoma chupa ya mvinyo wa Ufaransa

Habari wakuu. Wengi wakisimama mbele ya rafu ya mvinyo wa Ufaransa hutafuta jina la zabibu, wakilikosa wanachukua chupa ya nchi nyingine iliyoandikwa Merlot kwa herufi kubwa. Mfaransa mara nyingi haandiki zabibu, anaandika mahali. Ukilijua shamba liko wapi, zabibu umeshaijua.

Hatua ya 1: Tafuta neno "Appellation", yaani jina la mahali linalolindwa kisheria. Huwa kwa herufi ndogo, mfano "Appellation Chablis Contrôlée", au siku hizi "Protégée". Jina la katikati ndilo la kushika. Mfumo huu wa kisheria ni wa mwaka 1935, na hauishii kwenye mipaka: unataja zabibu zinazoruhusiwa na kiwango cha juu cha mavuno kwa hekta. Jina la mtengenezaji liache kwanza.

Hatua ya 2: Kutoka mahali, ipate zabibu. Hapa ndipo penye kazi, twende polepole.

Anza na Bourgogne. Mvinyo mwekundu ni Pinot Noir, mweupe ni Chardonnay, isipokuwa chupa chache. Chablis imo humo humo, kwa hiyo ni Chardonnay, ila ya kwenye baridi na udongo wa chokaa uliojaa mabaki ya chaza wa kale. Ndiyo maana ni mkavu na una uchachu unaoamsha mdomo. Ukishuka kusini unaingia Beaujolais, nchi ya Gamay.

Bordeaux inataka utulivu, kwa sababu wao huchanganya zabibu. Upande wa kushoto wa mto Gironde, kule Médoc, ardhi ni changarawe: maji hupita haraka na mawe hutunza joto, hivyo Cabernet Sauvignon, inayochelewa kuiva, hupata nafasi yake. Upande wa kulia, Pomerol na Saint-Émilion, kuna udongo wa mfinyanzi wenye ubaridi, unaoifaa Merlot inayowahi kuiva. Anayeanza namshauri aanzie kulia. Merlot ni laini, haikaushi ulimi kama Cabernet changa.

Rhône ya kaskazini, mwekundu ni Syrah. Kusini Grenache ndiyo huongoza mchanganyiko. Bonde la Loire lina Sancerre (mweupe wake ni Sauvignon Blanc), Vouvray (Chenin Blanc) na Chinon (mwekundu wake ni Cabernet Franc). Alsace watakurahisishia: wao huandika Riesling au Gewurztraminer waziwazi.

Hatua ya 3: Mwaka. Ni mwaka wa mavuno. Chupa ya bei ya kawaida usiiweke kabatini miaka na miaka, nyingi zimetengenezwa zinywewe mapema.

Hatua ya 4: "Mis en bouteille au château" au "au domaine". Château na domaine ni shamba la mvinyo lenye jina lake. Maana yake imejazwa palepale kwa mkulima.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, "Grand Cru", kile cheo cha juu kwenye chupa, ya Bordeaux na ya Bourgogne ni kitu kimoja?*

Hapana. Bourgogne cheo ni cha kipande cha ardhi chenyewe. Clos de Vougeot ina hekta kama 50 na wamiliki kadhaa, kila mmoja na mvinyo wake, wote cheo kimoja. Kwa hiyo hapo ndipo jina la mtengenezaji linapokuwa na uzito. Bordeaux, kwenye orodha ya Médoc ya mwaka 1855 yenye madaraja 5, cheo ni cha château, yaani mtengenezaji. Château Mouton Rothschild ilipandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza mwaka 1973.

*Champagne nyeupe inatokaje kwenye zabibu nyeusi?*

Rangi iko kwenye ganda, juisi ya Pinot Noir na Meunier ni nyeupe. Wanakamua taratibu na kutenga maganda mapema. Ukiona "Blanc de blancs", humo kuna zabibu nyeupe tu, kwa kawaida Chardonnay.

*Chenin Blanc ya kwetu Dodoma ndiyo hiyo ya Loire?*

Ndiyo ndugu, aina ni ileile. Tofauti ni hewa: Dodoma kuna jua kali na wakulima huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, Loire ni mara moja na baridi huacha uchachu mwingi. Ukinunua Vouvray, angalia kama imeandikwa "sec", yaani mkavu, "demi-sec", wenye utamu kiasi, au "moelleux", mtamu kabisa.