Kabla hujaita watu wa maombi, tazama shingo

Shangazi alipasuliwa rovu, siku ya pili akaruhusiwa kurudi Tukuyu. Kesho yake alikuwa anamenya ndizi, kisu kikamtoka. Vidole vilikuwa vimenyooka na kubanana, gumba limelala kiganjani, kifundo cha mkono kimepinda, kama mtu anayejilazimisha kuvaa bangili ndogo. Usiku hakulala; alisema kuna watu wanamsema uani. Mimi muuza mtindi nikaita watu wa maombi. Siku nzima ikapotea.

Huku kwetu milimani rovu si geni, udongo una uhaba wa madini joto. Kwa hiyo mtu akibadilika ghafla, kitu cha kwanza legeza kitenge shingoni. Kuna kovu? Alipasuliwa lini? Nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele, na kazi yake ni kulinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Vikijeruhiwa au kuondolewa pamoja na rovu, kalsiamu hushuka, mara nyingi ndani ya siku chache za mwanzo. Kalsiamu ndiyo inayotuliza mishipa ya fahamu. Ikipungua, misuli hukaza bila kuamriwa, na ubongo nao huvurugika: wasiwasi, hasira, kuchanganyikiwa, kusikia sauti, hata degedege la mtu mzima. Akifika hapo, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, tafuta gari.

Cha pili, muulize mdomo unahisije. Usimuulize "una ganzi?", maana wazee wetu huitikia ndiyo kwa kila kitu. Shangazi alijibu mwenyewe: sisimizi wanatembea kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole.

Ila mtu mwenye hofu anayehema mbiombio naye hupata sisimizi haohao, mikono ikakakamaa vilevile, kwa sababu kuhema hivyo hupunguza kalsiamu iliyo huru kwenye damu. Ndiyo maana lazima damu ipimwe.

Mkifika hospitali msianze na habari za sauti. Anza na kovu: "Alipasuliwa rovu Jumatatu, tunaomba apimwe kalsiamu." Nesi alimfunga mashine ya presha, akaijaza hadi ikabana sawasawa, akaiacha dakika tatu. Mkono ukavaa bangili tena mbele ya macho yetu. Majibu yalikuja milimoli 1.6 kwa lita, wakati kawaida ni kama 2.1 hadi 2.6. Omba na albumini, protini ya kwenye damu, kwani ikiwa chini huifanya kalsiamu ionekane ndogo kuliko ilivyo, na magnesiamu, maana ikipungua hiyo vidonge vya kalsiamu havifui dafu. Walimpa kalsiamu ya mshipa taratibu, moyo ukiangaliwa kwenye mashine. Jioni akaniuliza nani alimalizia kumenya ndizi zake.

Vidonge ndipo nilipokosea mara ya pili. Nilimpa vyote kwa mkupuo na chai. Kidonge cha homoni ya tezi humezwa alfajiri, tumbo tupu, kwa maji. Kalsiamu isikaribie kabla ya masaa manne kupita, na ile ya kabonati iende na chakula. Sasa kopo moja nimelifunga uzi mwekundu, la alfajiri.

Wateja huniuliza kama mtindi hautoshi. Ningependa kusema unatosha! Robo lita ya maziwa ina takriban miligramu 300 za kalsiamu, lakini bila vile vitezi utumbo hauivuti vizuri, ndiyo maana alipewa na vitamini D iliyokwisha kuamshwa. Dozi usijiongezee. Kalsiamu ikizidi huja kiu, kukojoa sana, choo kigumu, uchovu wa mwili na huzuni isiyo na sababu, na damu hupimwa upya.

Wagonjwa wengi wa akili kalsiamu yao iko sawa, nisikudanganye. Lakini kama ndugu yako anatumia lithiamu, dawa ya ugonjwa wa akili, inaweza kuipandisha. Dawa za kifafa kama fenitoini na fenobabitali, zikitumika miaka, zinaweza kuishusha. Usimwachishe dawa, omba kipimo tu.

Shangazi siku hizi akienda mnadani ana karatasi ndani ya fundo la kitenge, pamoja na nauli. Nimemwandikia kwa herufi kubwa: NILIPASULIWA ROVU. NIKIONGEA OVYO, NIPIMENI KALSIAMU.