Kucheza Shooting Arcade, gemu ya bunduki ambayo Atari hawakuiuza

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Atari walikuwa wakiiandaa Shooting Arcade kwa mashine yao kongwe, Atari 2600 ya mwaka 1977, ichezwe kwa bunduki ya mwanga. Haikufika dukani. Gemu ya bunduki waliyoiuza kwa mashine hiyo ni moja tu, Sentinel. Bahati nzuri nakala ya majaribio ilipona, na faili lake linachezeka.

Hatua ya 1: Kompyuta kwanza. Sakinisha Stella, emuleta ya bure (programu ya kuiga mashine) ya 2600, fungua faili, bonyeza F2. Kipanya ndicho bunduki. Kisipoitika, bonyeza Tab, ingia kwenye sifa za gemu, weka kidhibiti kiwe bunduki ya mwanga. Hapa unahakikisha tu kwamba faili ni zima. Kulenga kwa kipanya hakuna raha.

Hatua ya 2: Tafuta TV ya chogo. Flatiskrini sahau kabisa. Mashine hii ina RAM (kumbukumbu ya kazi) ya baiti 128 tu, haina pa kuiweka picha, kwa hiyo programu huichora mstari kwa mstari huku mwale wa TV ukishuka: mistari 262, mara 60 kwa sekunde. Bunduki nayo haitoi chochote, ni jicho. Mwale ukipita pale inapotazama, ishara inarudi kwa waya uleule wa kitufe cha kupigia cha joistiki. Programu inajua iko mstari wa ngapi, basi inajua umelenga wapi. Flatiskrini hupokea picha, ikaichakata, ndipo ikaionyesha. Mwanga ukifika, programu imeshapita zamani.

Hatua ya 3: Rangi na sauti. Mifumo ya picha ya TV ni tofauti: chogo zetu nyingi ni PAL, Atari ya Marekani ni NTSC, tena inatoa picha kwa waya wa antena tu. Nilihangaika na chaneli jioni nzima nikaambulia picha isiyo na rangi na mkwaruzo. NTSC hubeba sauti megahezi 4.5 juu ya picha. TV za PAL huisubiri kwenye 5.5 au 6. Mpe fundi aitolee mashine AV (waya za picha na sauti zisizopitia antena), kisha tafuta chogo yenye NTSC kwenye menyu. Yangu niliikuta kwa fundi wa mtaani, ameifanya meza ya feni.

Hatua ya 4: Unganisha. Weka faili kwenye kadi ya SD ya Harmony, kaseti ya 2600 inayosoma gemu kutoka kwenye kadi. Mashine ikiwa imezimwa, chomeka kaseti, na XG-1, bunduki ya mwanga ya Atari, kwenye tundu la kidhibiti. Washa, chagua gemu.

Hatua ya 5: Mwanga. Zima taa za chumbani, hasa tyubulaiti. Pandisha mwangaza wa TV mpaka nyeusi ianze kuwa kijivu. Chungulia mdomo wa bunduki kwa tochi. Yangu ilikuwa na utando wa vumbi kwenye lenzi, nikaufuta kwa pamba kavu.

Bado risasi zitakwenda kando, na XG-1 ina sifa hiyo mbaya tangu zamani. Juu na chini mashine inahesabu mistari, haina shida. Kushoto na kulia ndiko kugumu: kila pigo la prosesa mwale unaruka nukta 3, na kuusoma waya kunakula mapigo kadhaa. Mimi hupiga risasi tatu za kwanza kuona zinapotelea upande gani, halafu nalenga upande wa pili.