Taa ya kutengenezea gari nyumbani: anza na sumaku

Wenzangu mnaojitengenezea gari jioni, iwe Nyegezi au Igoma hapa Mwanza, mkienda kununua taa angalieni kwanza sumaku, mwanga baadaye. Taa isiyojishikilia inakula mkono mmoja, na kazi ya gari inataka yote miwili. Chukua yenye sumaku nzito pamoja na ndoano, maana sumaku haishiki alumini wala plastiki, na injini nyingi za sasa zimejaa vyote viwili. Ukiwa dukani, ibandike kwenye chuma uitikise kwa nguvu.

Lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 300 hadi 500 zinatosha chini ya boneti. Uvunguni, taa kali sana inakuumiza macho tu.

Rangi ya mwanga nayo ina uzito wake. Mimi nachagua usioelekea bluu. Mwanga wa bluu huvuta wadudu zaidi, na sisi wa kando ya ziwa tunawajua wale wadudu wanavyojaa kwenye taa usiku. Ukishafungua injini, ziba matundu kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi ili wasiingie, na uhesabu vitambaa kabla ya kufunga.

Balbu za zamani zenye waya unaowaka ndani ziacheni kabisa, tafadhali. Zinachemka, na ikipasuka moja penye mvuke wa petroli ni moto. Hata ukiwa na LED ya chaji, kazi ya kufungua tangi au mpira wa petroli ifanyie nje, mchana.