Boti ya pantoni ndogo au kubwa? Zingatia haya kabla hujalipa

Boti ya pantoni ni sitaha bapa iliyokaa juu ya maboya, yaani mabomba marefu yaliyozibwa, kwa kawaida mawili. Anza na maji, boti baadaye. Kama ni bwawa dogo lililotulia, boti ya futi 18 hadi 20 inatosha. Kama ni ziwa pana linalochafuka kila upepo wa mchana unapoanza, usishuke chini ya futi 22. Boti ndefu hulalia mawimbi. Fupi huingia katikati ya wimbi na wimbi, na abiria wanalowa.

Pima sehemu ya kuegesha. Urefu wa kwenye tangazo mara nyingi ni wa sitaha tu, na injini bado inaning'inia nyuma.

Gari la kuvuta nalo. Uzito unaotajwa huwa ni wa boti tupu. Ongeza injini, betri, nanga, trela yenyewe na mafuta (lita 100 za petroli ni karibu kilo 75), halafu fungua kitabu cha gari usome linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi. Neno la muuzaji lisikutoshe.

Injini usiibanie. Boti kubwa iliyofungwa injini hafifu ili bei ishuke ni mateso: reli na turubai la juu hukamata upepo, na unapoingia gatini unasukumwa ubavu huku injini haina nguvu ya kukurudisha. Bora boti ndogo yenye injini inayokaribia kiwango cha juu kilichoruhusiwa.

Sasa idadi ya watu, na hapa naomba usome taratibu. Familia moja tuliyokuwa tukitumia nao gati walinunua boti ya futi 18 kwa sababu kibao chake, kile kilichobandikwa kuonyesha kikomo cha watu na uzito, kilisema watu tisa na wao walikuwa saba. Siku moja wakaja wageni wawili. Tisa kamili, pamoja na makasha ya barafu na mifuko. Walitoka vizuri. Walipokaribia ufuko, karibu wote wakasimama wakaenda mbele kupiga picha, na hapo hapo boti ya mwendo kasi ikawakatiza. Aliyeshika usukani akashtuka, akarudisha mkono wa mafuta ghafla. Boti ikikatwa mwendo namna hiyo omo, yaani sehemu ya mbele, hushuka, na wimbi lake yenyewe huifuata kwa nyuma na kuisukuma. Ncha za maboya zikaingia chini ya wimbi, maji yakapita chini ya lango la mbele na kufagia sitaha yote. Kasha la barafu lilikuja mpaka kwenye usukani. Mtoto aliyekuwa amekaa sakafuni alisombwa, mama yake akamdaka kwa mkanda wa jaketi okozi. Boti haikuzama, kwa kuwa maboya yamezibwa na ndani yana vyumba vilivyotenganishwa. Lakini mama yule hakuikanyaga tena, na ikauzwa kwa hasara.

Kibao hakikudanganya. Ile namba ni kikomo, na haikuambii mtapanga vipi uzito. Kwa boti nyingi za injini ya nje, kilo za jumla zilizoandikwa hapo zinahesabu injini na mizigo pia. Mimi nashauri utoe theluthi: kibao kikisema tisa, ihesabu kuwa boti ya watu sita. Kama kila mara mnatoka wanane, chukua futi 24 na usijadiliane na mtu. Kama ni wawili au watatu na ndoano zenu, kubwa itawalia mafuta bure na kuwachosha kwenye trela.

Boya la tatu katikati linasaidia sana kubeba uzito na kukata kona, ila linaongeza bei na kilo za kuvuta. Kwenye maji ya chumvi, uliza kuhusu vipande vya chuma cha kinga dhidi ya kutu.

Omba kuijaribu ukiwa na watu wako wote, siku yenye upepo, na mizigo mnayobeba kweli. Atakayekataa, ondoka. Mtu asikae mbele ya reli miguu ikining'inia, hata kwenye boti kubwa, maana akidondoka hapo boti inampitia juu na pangaboi liko nyuma. Watoto wavae jaketi tangu gatini. Angalia hali ya hewa asubuhi, na uangalie tena kabla ya kurudi.