SOMO: Kalooli wa mianzi anayepiga mabawa kwa pedali

Nimechoka kuulizwa kila wiki jinsi ya kutengeneza kalooli huyu, yule korongo mkubwa wa jalalani, kwa hiyo naandika mara moja. Hii ni sanamu ya kuning'iniza. Haibebi mtu.

1. Tumia mwanzi mkavu. Mbichi hunywea, vifungo vikalegea.

2. Bawa moja mita mbili. Funga kwa raba za tyubu ya baiskeli. Msumari hupasua mwanzi.

3. Krenki ya baiskeli chini, fimbo mbili zenye urefu sawa zipande hadi kwenye mabawa.

4. Kitambaa cha lubugo, yaani cha gome la mti wa mutuba. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikishona pande zote kikakaza kama ngoma, na kwa macho kilipendeza sana. Nilipokanyaga pedali, bawa likapiga hewa kama mlango, fremu nzima ikatikisika, pini ya begani, pale bawa linaposhikana na mwili, ikakatika. Bawa lilianguka hatua moja tu kutoka aliposimama mpwa wangu. Kesho yake nilishinda jalalani nikiwatazama kalooli wakiinuka. Mbele ya bawa kuna mifupa, kugumu. Nyuma ni manyoya matupu, nayo hupinda kwenda juu bawa linaposhuka. Kule kupinda ndiko kunakosukuma hewa nyuma. Basi shona ukingo wa mbele na mbavu tu, wa nyuma uache huru. ONYO: mtu asisimame chini ya bawa, na begani weka kamba ya akiba hata kama pini ni nene.

5. Ning'iniza, kanyaga polepole.

Swali: Nikifunga injini ya boda, itanibeba?
Jibu: Hapana. Soma tena pale juu.

Swali: Naweza kuruka hatua ya 4?
Jibu: Ndiyo hasa usiyoweza kuiruka.

Swali: Kuna msanii aliyejaribu cha kubeba mtu?
Jibu: Umeuliza vizuri, dada. Vladimir Tatlin, Mrusi, alijenga chombo cha kupiga mabawa, Letatlin, kati ya 1929 na 1932, kwa mbao zilizopindwa na hariri, baada ya kuchunguza ndege. Hakikuruka. Mwaka 2010 kundi la Chuo Kikuu cha Toronto lilirusha chombo kingine cha kupiga mabawa, Snowbird, kwa nguvu za miguu ya mtu, sekunde 19.3. Mabawa yake yalikuwa mita 32 kutoka ncha hadi ncha! Linganisha na yetu.

Swali: Lubugo haimalizi miti?
Jibu: Mutuba haukatwi. Hubanduliwa gome, shina likafungwa majani ya mgomba, gome likaota upya.

Mwanachama: Mimi hukiloanisha kidogo kabla ya kushona, kinalainika.
Jibu: Asante sana. Nina bawa la kushoto la kushona upya, nitaanza na hilo.